Jinsi ya kupiga picha ya modo ikawa kazi ya sanaa

Mwaka 1991 jijini New York kulikuwa na maonyesho ya sanaa za Afrika, na kati ya vilivyotundikwa ukutani zilikuwemo picha chache za watu wa Bamako, Mali, waliopigwa studio wakiwa wamevaa wakapendeza. Jina la mpiga picha halikuandikwa kwa kuwa waandaaji hawakulijua. Mwenyewe, Seydou Keïta, alikuwa hai, mzee wa Bamako hiyohiyo. Studio yake aliifungua 1948, na wateja walimwendea kwa sababu ileile inayompeleka mtu studio popote pale: kupata picha nzuri ya kuweka nyumbani au kumtumia ndugu. Mwaka 1994 picha hizo zilipata maonyesho yake peke yake mjini Paris, na leo zimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Wapo wanaosema kilichozigeuza kuwa sanaa ni ukuta wa makumbusho na ukubwa wa karatasi, basi. Sikubaliani nao. Miji ya Afrika ya wakati ule ilikuwa na mafundi picha wengi, na kazi za wengi wao hata ungezitundika ukuta huohuo zingebaki kumbukumbu za familia. Za Keïta zilisimama kwa sababu maamuzi yalikuwa yameshafanyika ndani ya negativu, ile filamu inayochapiwa picha: mwanga unatoka wapi, nyuma kuna kitambaa gani, mkono umepumzika juu ya nini, kichwa kimeinama kiasi gani. Na aliyekaa mbele ya kamera alishiriki kuyafanya.

Mwongozo huu unahusu maamuzi hayo. Nimeuandika kwa mwenye simu nzuri au kamera ya mtumba, modo mmoja aliyekubali, na nusu siku ya nafasi. Sina ugomvi na picha ya kuuza gauni au ya kumtafutia modo kazi. Ina kanuni zake, na inalipa kodi ya nyumba. Hapa tunatafuta nyingine, ile ambayo mtu asiyemjua modo wala asiyetaka gauni atasimama aitazame.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Kabla ya kuchaji betri, chukua karatasi uandike sentensi moja inayosema picha inahusu nini. Masharti ni mawili. Isiwe na maneno kama "mrembo" na "kali", na iwe na mvutano fulani ndani yake. "Msichana mzuri amevaa kitenge" haifai. Hiyo ni orodha ya vilivyomo. "Kijana anajaribu utu uzima ambao bado haujamkaa" inafaa, na nitaitumia kama mfano huko mbele: tuseme modo wako ana miaka 19 na amekubali kuvaa suti ya mjomba wake.

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuamulia mambo baadaye. Ukibishana na nafsi yako kama uweke kiti au usiweke, kama atabasamu au asitabasamu, unarudi kuisoma. Asiye na sentensi huamua kwa mazoea, na mazoea ya wengi wetu tumeyapata kwenye picha za wengine mitandaoni. Ndiyo maana zinafanana.

Angalia mpiga picha Thandiwe Muriu wa Nairobi. Mfululizo wake wa Camo umetoka kwenye wazo moja: mwanamke amevaa kitambaa chenye nakshi zilezile za kitambaa kilicho nyuma yake, mwili unaelekea kupotea, huku uso na nywele vikikataa kupotea. Miwani anayomvalisha modo huundwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, na kila picha anaiambatanisha na methali. Ukiliondoa wazo hilo hubaki tangazo la duka la vitambaa. Au mchukue J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria, ambaye kuanzia 1968 alipiga mitindo ya nywele za wanawake mpaka akafikisha takriban picha 1,000, nyingi kwa nyuma ya kichwa. Uso huuoni, lakini shingo na mabega yanakuambia kabisa kwamba unamtazama mtu fulani.

Hatua ya 2: Mtafute mtu, mkae mkubaliane

Modo mzoefu ana faida na ana hasara. Anajua mwili wake, hachoki haraka, anaelewa ukimwambia ageuze bega kidogo. Hasara yake ni kwamba uso wake una picha tano au sita zilizokwisha kutengenezwa, na atakupa hizohizo alizompa mpiga picha wa wiki iliyopita. Kwa kazi ya aina hii mimi humpendelea mtu ambaye hajawahi kulipwa kupigwa picha. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyepata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 48, alimpiga picha mtumishi wake wa ndani, Mary Hillier, mara nyingi mno, akamfanya Bikira Maria, na picha hizo zimeishi kuliko picha za mabibi wengi wa mjini waliojipamba kwa siku ile.

Ukikosa mtu kabisa, unaye mmoja. Samuel Fosso alifungua studio ya picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Jioni, filamu ilipobakiwa na nafasi chache ambazo hazikuuzwa kwa wateja, alijipiga picha mwenyewe akiwa amevaa mitindo ya wakati ule, na picha nyingine akawapelekea jamaa zake Nigeria. Vibaki vya filamu hivyo ndivyo vilivyomjengea jina.

Kabla ya siku ya kazi, kaeni bila kamera. Msomee sentensi yako. Muulize yeye anaionaje, kwa sababu huenda akaiboresha: kijana wa suti anaweza kukuambia kwamba mjomba huyo ndiye aliyemlea, na hapo picha imeshapata uzito ambao usingeubuni. Kisha mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja: malipo kiasi gani, picha itatumika wapi, ikiuzwa yeye anapata nini, na kipi hataki kionekane. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo hili si suala la uungwana peke yake. Florence Owens Thompson, mama aliyepigwa picha na Dorothea Lange huko Nipomo, California, mwaka 1936, ana mojawapo ya nyuso zinazojulikana zaidi katika historia ya upigaji picha. Jina lake lilifahamika kwa umma mwaka 1978 tu, hakulipwa senti kwa picha ile, na alieleza wazi kwamba hakuifurahia. Usimwachie mtu kinyongo cha namna hiyo.

Hatua ya 3: Mwanga mmoja, na uujue unatoka wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Anza na chanzo kimoja. Dirisha moja linatosha, na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja ni bora zaidi. Zima taa za chumbani, maana balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje huupa uso rangi mbili zisizoelewana. Mweke modo hatua moja hivi kutoka dirishani, kwa ubavu, umwambie azungushe uso polepole kuelekea mwanga huku wewe ukitazama shavu la upande wa giza. Kuna mahali ambapo pembetatu ndogo ya mwanga itatokea chini ya jicho la upande ule. Wapiga picha huuita mwanga wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi aliyependa kuchora nyuso hivyo. Kwa wengi ni pazuri pa kuanzia. Kwa mfano wetu wa suti ningeusogeza uso zaidi kuelekea dirishani, kivuli kipungue, kwa sababu kijana huyu bado hana siri nyingi usoni na giza jingi litamdanganyia umri.

Akikaa karibu na dirisha, mwanga hupungua haraka kuelekea ukuta wa nyuma, na chumba kinazama gizani chenyewe. Akisogea ndani, mwanga unatulia na kusambaa, chumba kinaonekana. Kwa hatua mbili za miguu unakuwa umebadilisha hali nzima ya picha bila kununua kifaa chochote. Upande wa kivuli ukiwa mzito mno, msimamishie msaidizi akiwa na karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kidogo. Ukitaka kivuli kizito zaidi, tumia manila nyeusi au hata koti jeusi.

Nje, jua letu ni kali na linakuja kutoka juu. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri macho hugeuka mashimo na pua hutupa kivuli mdomoni. Watu husubiri jioni, na jioni kweli ni nzuri, ila karibu na ikweta jua huzama haraka. Utapata dakika chache za mwanga wa dhahabu kabla giza halijaingia, na picha ya dhahabu ni rahisi kuipenda kwa sababu ya dhahabu yenyewe. Mimi nakushauri baraza. Msimamishe modo chini ya paa, karibu na ukingo, akitazama uwanja. Mchanga mweupe, sakafu ya saruji au ukuta wa chokaa wa jirani utarudisha mwanga laini usoni hata saa sita mchana. Keïta alifanya kazi uani kwake kwa mwanga wa mchana, na mteja wa kawaida alipata fremu moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali.

Sasa ngozi. Kamera haijui inatazama nini. Inajaribu kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu cha katikati. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unakuwa doa. Mtu huyohuyo mbele ya pazia jeusi: kamera inaona giza jingi, inaongeza, na ngozi inageuka ya majivu. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie mpaka kile kisanduku kijifunge, kisha telezesha alama ya jua juu au chini wewe mwenyewe. Kwenye kamera, pima mwanga kwenye shavu na uache kuamini vipimo vya fremu nzima.

Uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha upo zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye weupe wa mwanga. Ile mistari inayong'aa kwenye kipaji, mfupa wa shavu na bega ndiyo inayochora umbo. Kwa hiyo mwambie mpambaji asipake poda kila mahali mpaka uso ukawa bapa kama karatasi. Poda kidogo kwenye pua na kidevu, mafuta mepesi kwenye mabega, na chanzo cha mwanga kiwe kikubwa, kwa sababu dirisha pana hutoa mng'ao mpana na laini, na flashi ndogo ya kamera hutoa nukta nyeupe za jasho.

Hatua ya 4: Nyuma yake kuna nini

Nyuma ni nusu ya picha. Kwa miaka mingi Keïta alitumia vitambaa alivyonavyo, cha kwanza kikiwa shuka la kitanda chake mwenyewe lenye nyuzi pembeni, na alikuwa akivibadilisha kila baada ya miaka kadhaa hivi kwamba baadaye aliweza kukisia tarehe ya picha kwa kutazama kitambaa. Nakshi za kitambaa na nakshi za nguo ya mteja zinagombana, na ugomvi huo ndio uhai wa picha zake. Richard Avedon, mpiga picha wa Marekani, alikwenda kinyume kabisa. Kati ya 1979 na 1984, alipopiga picha watu wa magharibi ya Marekani, alibandika karatasi nyeupe kivulini nje na kuwasimamisha wachimba migodi na wahudumu wa migahawa mbele yake, bila mji wala anga la kuwaegemea. Mwenzake Irving Penn, mwaka 1948, aliunganisha paneli mbili zikafanya kona nyembamba na kuwabana humo watu mashuhuri, bingwa wa ndondi Joe Louis akiwa mmojawapo. Mtu akibanwa kwenye kona analazimika kuamua ataufanyaje mwili wake, na uamuzi huo unaonekana.

Na kwetu, wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vyenye mandhari zilizochorwa ambako msafiri asiye na nauli ya ndege alipigwa picha kando ya ndege. Wengine hucheka. Mimi naona mandhari hizo zinasema ukweli kuhusu matamanio ya watu kuliko ufukwe wowote wenye minazi.

Kinachoua picha nyingi leo ni kufifisha nyuma kwa sababu tu simu inaweza. Kufifisha ni njia ya kukwepa kuamua. Tena ile hali ya picha za watu kwenye simu (portrait) hukata kingo za nywele za kipilipili na masikio, ikaacha mpaka wa ajabu kuzunguka kichwa. Izime. Tafuta ukuta unaostahili kuonekana. Kijana wetu wa suti ningemweka mbele ya kabati la nguo la nyumbani kwa mjomba, lililofunguliwa mlango mmoja.

Hatua ya 5: Nguo na vitu

Kitu kimoja, na kiwe na kazi. Keïta aliweka studio saa, kalamu na redio, mteja akajichagulia anachotaka kuonekana nacho. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika picha za kujipiga alizoanza 2012 kwa jina la Somnyama Ngonyama, amejivika vibanio vya nguo na steel wool za kusugulia masufuria, na hapo vifaa vya kazi za ndani vimekuwa taji na kilemba. Kitu kisichosukuma sentensi yako kitoe, hata kama ulikikodi.

Hatua ya 6: Umbali na lenzi

Hili nitalipitia haraka. Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukimsogelea mtu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Simama kama mita moja na nusu au mbili, utumie ukuzaji wa mara mbili. Mwenye kamera atumie milimita 85, au 50 kama kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni kidogo. Fungua lenzi kiasi cha f/4 au f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi) ili macho yote mawili na masikio viwe na ukali, f/1.8 inapendeza siku ya kwanza tu. Fokasi iwe kwenye jicho la karibu. Urefu wa kamera nao ni kauli: chini ya kidevu unamkuza mtu, juu ya paji unampunguza, usawa wa macho mnaongea.

Hatua ya 7: Liache pozi liishe

Yote yaliyotangulia mtu anaweza kuyajifunza wikiendi moja. Hii hatua ndiyo inayotenganisha picha safi na picha inayokaa moyoni, na haina kitufe.

Mtu yeyote akielekezewa kamera hujilinda kwa kuvaa uso. Modo ana uso wa kazi, bibi harusi ana wake, na waziri ana wake. Uso huo ni kinga, na kazi yako ni kusubiri mpaka mwenyewe aichoke. Kwa hiyo usimkatalie mapozi yake mwanzoni. Mwache ayamalize. Piga, msifu kwa kiasi, endelea. Baada ya dakika ishirini au thelathini ataishiwa, atashusha mabega, atatazama pembeni akijiuliza kama mmekwisha. Hapo ndipo unapoanza.

Mwezi Mei 1957 mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe alikuwa studio kwa Avedon, New York. Kwa masaa alicheza, aliimba, aliitengeneza ile Marilyn ambayo dunia iliijua. Ilipokwisha alikaa kimya, macho yameshuka, na Avedon akaipiga picha inayokumbukwa kuliko zote za siku ile. Kwa maelezo ya Avedon mwenyewe, hakumvizia: alimsogelea na kamera akaona kwamba hakatai. Zingatia sehemu hiyo ya mwisho. Uso uliochoka ukiibiwa ni wizi, hata ukitoka mzuri namna gani.

Njia nyingine za kufika hapo hapo:

Mkalishe muda mrefu. Cameron alihitaji dakika kadhaa kwa picha moja kwa sababu ya kemikali za wakati wake, na hakuna binadamu anayeweza kushikilia tabasamu la bandia kwa dakika kadhaa. Nyuso zake zimetikisika kidogo, ukali umepotea hapa na pale, wahakiki wa enzi zake walimcheka, na uhai umo. Wewe una kamera ya kasi, lakini unaweza kuiga: mwambie akutazame bila kuongea kwa dakika moja kamili, piga moja mwanzoni na moja mwishoni. Zilinganishe.

Mpe kazi ya mikono. Kijana wetu afunge tai mwenyewe bila kioo. Hajui kuifunga, atakunja uso, ataangalia juu akikumbuka mjomba alivyokuwa akifanya. Mikono ikiwa na shughuli, uso husahau kujionyesha. Mikono isiyo na shughuli huenda kiunoni au shavuni, unaijua.

Nyamaza. Mpiga picha anayepiga kelele "eeh, hapo hapo, safi, cheka kidogo" anapata uso wa mtu anayefuata amri. Sema jambo moja, kisha subiri.

Zima muziki nusu ya pili. Muziki humsaidia modo kuanza, halafu humfanya acheze video.

Na kuna mbinu ambayo wengi huisimulia kwa furaha: Desemba 30, 1941, mjini Ottawa, Kanada, mpiga picha Yousuf Karsh alimchomoa Winston Churchill sigara nene (cigar) mdomoni kisha akampiga picha papo hapo, na ile hasira ikawa sura ya Uingereza vitani. Naipenda picha hiyo. Lakini aliyechokozwa alikuwa waziri mkuu aliyezungukwa na watu wake, angeweza kumfukuza Karsh chumbani. Binti wa miaka 20 aliyekuja peke yake studio kwako hana uwezo huo. Usimchokoze, usimtishe, usimfanye alie ili upate picha.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu hatua hii ikichukuliwa kichwa kichwa inapotosha. Pozi si adui kila mara. Wateja wa Keïta wanapozi tangu utosi hadi kidole: robo tatu ya uso kwa kamera, gauni limetandazwa, pete zinaonekana. Zinasimama kwa kuwa pozi lile walilitaka wao, lilikuwa jibu lao kwa swali la namna gani wanataka kukumbukwa. Malick Sidibé, naye wa Bamako, aliyetunukiwa Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha yote kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2007, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo, alipiga picha vijana waliokuja na pikipiki zao na suruali zao pana wakijua kabisa wanachofanya. Pozi linalokufa ni la kuazima. Kwa hiyo kabla ya kulivunja muulize modo: ungekuwa unaenda kupigwa picha moja tu ya kuachia wajukuu, ungekaaje? Wakati mwingine jibu lake ndilo picha.

Hatua ya 8: Kuchagua

Avedon kwa ule mradi wa magharibi alipiga picha watu 752 na kutumia karatasi za filamu karibu 17,000. Zilizotundikwa zilikuwa zaidi kidogo ya mia moja. Usichague siku hiyohiyo, maana siku hiyo unakumbuka jinsi ulivyotoka jasho na unailipa picha kwa ajili ya jasho. Subiri wiki. Zitazame zikiwa ndogo kama stempu: umbo likisomeka hapo, mpangilio upo. Kisha zigeuze juu chini uone vipande vya mwanga na giza vinavyokaa. Bakisha tatu, umwonyeshe mtu asiyemjua modo, na usimuulize ipi nzuri. Muulize anadhani huyu ni nani na nini kimetokea. Picha anayoijibu kwa "ni modo" iweke kando.

Hatua ya 9: Kuhariri bila kumfuta mtu

Kuna historia hapa. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi zikatoka vyovyote zilivyotoka. Leo vichujio vya urembo vya simu vinaendeleza mambo yaleyale kwa kulainisha na kung'arisha bila kuulizwa. Vizime kabla hujapiga, kwa sababu simu nyingine haziachi nakala ya asili.

Rekebisha mwangaza, sawazisha rangi kwa kutazama mkono wako halisi, punguza kinachong'aa pembeni kikivuta jicho. Chunusi itapona wiki ijayo, unaweza kuitoa. Kovu ni la mwenyewe, muulize. Vinyweleo vya ngozi viache. Nyeusi na nyeupe itumie pale rangi inaposumbua sentensi, kamwe usiitumie kuifanya picha dhaifu ionekane ya maana. Muholi huongeza utofauti wa mwanga na giza mpaka ngozi inakuwa nyeusi zaidi ya ilivyo, makusudi kabisa, na hapo uhariri umekuwa kauli. Ukiwa na sababu kama hiyo, hariri utakavyo.

Hatua ya 10: Mfululizo, karatasi, nakala

Picha moja inaweza kuwa bahati. Piga ya pili na ya tatu kwa sentensi ileile na watu wengine: vijana wengine wenye suti za wajomba, kabati nyingine, mwanga uleule. Zikifika nane au kumi utaona kama wazo linabeba au lilikuwa la siku moja.

Halafu zichapishe. Faili ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, inatoa chapa safi ya takriban sentimita 34 kwa 25, na hiyo inatosha ukuta wa sebule au maonyesho madogo. Kwenye maduka ya picha omba karatasi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa huakisi taa za chumba juu ya uso wa mtu wako. Faili usilitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, litabanwa. Litume kama dokumenti au lipeleke kwenye flashi ya kompyuta. Chapa ya majaribio ndogo kwanza, kwani kivuli kinachosomeka kwenye kioo cha simu mara nyingi huzama kabisa kwenye karatasi, na utalazimika kukinyanyua kidogo.

Nyuma ya kila chapa andika kwa penseli jina la mpiga picha, jina la aliyepigwa kama ameridhia, mahali, mwaka na namba ya nakala. Ukitangaza nakala tano ziwe tano, na ya modo uihesabu nje ya hizo. Faili za asili ziwe sehemu mbili tofauti, moja isiwe ndani ya nyumba unayolala.